Hata Mimi Niliichomoa

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi tumalizane, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Nilikuwa nimekunywa chai na maandazi mawili, sina homa, sina usingizi. Sikuhadithiwa na shangazi wala sikuyasikia ndani ya basi. Na ukibahatika kumpata mtu yeyote aliyekuwa na kibanda mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni, muulize kuhusu mlio uliotoka kwa yule mwanamke fundi redio. Wapo waliousikia.

Mwanamke fundi redio ndiye mimi.

Kazi nilifundishwa na baba. Alitengeneza redio tangu zile za mbao, zenye taa ndani, ambazo ukiwasha unasubiri zipate moto ndipo mtu aanze kusema. Kaka zangu hawakupenda kukaa kitako. Mimi nilipenda. Nilikuwa nakaa pembeni yake namshikia risasi ya kulehemu, ule moshi wake unanipanda puani, na mpaka leo nikiusikia mahali popote nageuka kumtafuta. Alipofariki nikabaki na kibanda chake: kuta za mbao, paa la bati, meza iliyojaa alama za kuungua, benchi moja la wateja, na mita yake ambayo aliifuta kwa kitambaa kila jioni kama mtu anayefuta miwani.

Sijui kama wewe unaikumbuka miaka ile. Kabla yake, tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni. Ghafla biashara ikawa ruksa, na vitu vikaanza kumiminika. Vingine vilitoka Kasumulu mpakani, vingine Tunduma, vingine vilikuja na malori kutoka Dar. Mitumba ya kila rangi. Redio kaseti za milango miwili. Televisheni ambazo wenye nazo waliziweka dirishani ili na sisi wa nje tuone. Nusu ya vitu hatukujua ni vya nini! Kuna bwana aliniletea kidude chenye nyaya nyembamba kama za zeze, tukabishana wiki nzima mtaa mzima, wengine wakisema ni antena. Kumbe ni cha kukatia mayai ya kuchemsha. Tulicheka mpaka Mzee Salehe, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akakaa chini kwenye matope.

Natamani sana zile siku. Sikatai kwamba tulikuwa na shida zetu. Lakini kila mzigo uliofunguliwa ulikuwa na jambo jipya ndani, na watu walikuja kwangu wakiwa na sura za sikukuu.

Basi, katika wateja hao akaja Tusekile.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, saba hivi, mwenye mgahawa mdogo Kiwira, pale barabarani. Alishuka kwenye basi na mzigo mkubwa umefungwa kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Akaufungua mezani kwangu. Ilikuwa maikrowevu, nyeupe, ya mtumba lakini safi. Ilikuwa ya kwanza kuingia kibandani kwangu. Nilikuwa nimeona kama hiyo mara moja tu, Mbeya, kwenye hoteli.

"Inawaka, dada," akasema. "Taa ya ndani inawaka, sahani inazunguka, inanguruma. Ila haipashi. Ukiweka chakula kinatoka kama kilivyoingia."

"Mliinunua wapi?"

"Mume wangu aliinunua Kariakoo. Alikuwa dereva wa lori, anapeleka ndizi Dar. Alisema nikiwa nayo, abiria wa basi hawatasubiri chakula kipashwe kwa mkaa."

"Sasa yeye hajajaribu kuitazama?"

Akakunja kitenge chake mara mbili, tatu.

"Hayupo," akasema.

Nikachukulia yuko safarini. Wewe ungechukuliaje? Mke wa dereva akikuambia mume hayupo, unajua yuko njiani. Nikakata karatasi, nikaandika *Tusekile, Kiwira, haipashi*, nikaibandika juu. Nikamwambia arudi Alhamisi. Alipofika mlangoni aligeuka akaitazama ile maikrowevu, kisha akanitazama mimi, kama mtu mwenye neno mdomoni. Hakulisema. Mpaka leo huwa nafikiri, angelisema, kisa hiki kisingekuwepo.

Siku ya pili yake, saa nane mchana, ukungu ukashuka kutoka mlimani. Kama hujawahi kukaa Tukuyu hunielewi ninaposema ukungu. Unaingia mtaani kama ng'ombe, hauombi njia. Mvua nayo ikawa inanyesha ile ya kwetu, isiyo na haraka. Cherehani ya Mzee Salehe nilikuwa naisikia, yeye mwenyewe simwoni.

Nikaamua kuifungua ile maikrowevu. Kwanza nilifanya yale ambayo fundi yeyote hufanya. Nilihakikisha mlango unafunga vizuri mpaka unalia tiki, maana mashine ile mlango usipokaa sawa hufanya ukaidi. Niliweka glasi ya maji ndani, nikawasha dakika mbili. Taa ikawaka, sahani ikazunguka, ikanguruma kweli. Nikatoa glasi. Maji baridi kama ya mto Kiwira asubuhi. Nikachomoa plagi kwenye soketi, nikaiweka juu ya meza niione kwa macho. Nikafungua skrubu za nyuma, nikavuta kava.

Ndani nikaona transfoma kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Nikaona kile kichwa kinachotoa joto. Na pembeni, kikopo cha bati chenye ncha mbili juu. Kapasita. Kapasita nilikuwa nazijua, redio zimejaa hizo. Nilijua huwa zinabaki na umeme kidogo, ukizigusa zinakutekenya. Baba aliniambia tangu nikiwa mdogo: ukiingiza mkono mmoja kwenye umeme, mwingine uwe nyuma ya mgongo. Siku ile nilisahau. Ukungu ulikuwa umeleta giza, nikainama sana, mkono wa kushoto nikashika bodi ya chuma, wa kulia nikaupeleka kwenye waya uliotoka kwenye ile kapasita. Umbali uliobaki haukuzidi kiberiti.

"Usiguse."

Sauti haikuwa kubwa. Nikainua kichwa. Kwenye benchi la wateja amekaa mwanamume. Niamini, sikumwona akiingia, na kibanda changu kilikuwa na mlango mmoja tu, na huo mlango nilikuwa nautazama. Alikuwa wa makamo, amevaa koti la kaki la madereva, kola imechakaa. Kibanda kizima kikanukia dizeli na ndizi mbichi.

"Ugonile," akanisalimu, vile tunavyosalimiana kwetu.

"Ndaga," nikaitikia. "Umenishtua, kaka."

"Umeichomoa?"

Nikamwonyesha plagi mezani. "Nimeichomoa."

"Hata mimi niliichomoa," akasema.

Nikafurahi, nakwambia ukweli. Nikajua nimepata fundi mwenzangu, mtu aliyewahi kuifungua mashine ya namna hii. Nikamuuliza kama anaifahamu. Akasema anaifahamu kidogo. Halafu akanyoosha kidole kwenye kile kikopo cha bati.

"Unakiona hicho? Mimi nilifikiri ukishachomoa, umeme unabaki ukutani. Kumbe na humo upo. Unakaa humo unasubiri."

"Hata kwenye redio upo," nikamwambia, nikijifanya mjuzi.

"Huu si wa redio, dada. Wa redio unakuuma. Huu haukuachi uondoe mkono."

Akasimama. Akaja mpaka mezani. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho akili yangu ilikataa kukishika kwa wakati ule: mvua ilikuwa bado inanyesha, na koti lake lilikuwa kavu kabisa, na viatu vyake havikuwa na tope. Tukuyu! Mtu asiye na tope kwenye viatu Tukuyu katoka wapi?

"Rudisha mikono yako," akasema.

Nikairudisha. Yeye akaupeleka wake. Akalaza vidole viwili juu ya zile ncha mbili za kapasita, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kujua kama ana homa.

Pa!

Cheche ya buluu ilitoka, mlio kama wa fataki, bisibisi ikaniponyoka mkononi. Nilipiga kelele. Yeye hakushtuka. Hata bega halikucheza. Aliutazama mkono wake upande wa juu, akaugeuza akautazama upande wa chini, na uso wake ukawa na huzuni ambayo siwezi kukueleza.

"Sasa hakina kitu," akasema. "Tusekile akija, mwambie mdomo wa Mama Lugano hauna kosa. Hata neno moja. Mwambie vizuri, mbele ya mama yangu."

Nilifikiri jina la Tusekile amelisoma kwenye karatasi yangu. Nikainama kuokota bisibisi, huku nikitaka kumuuliza Mama Lugano ni nani. Nilipoinuka, benchi lilikuwa tupu.

Nikatoka nje mbio. Mbele ya mlango tope lilikuwa laini, na juu yake kulikuwa na alama za viatu vyangu peke yake. Mzee Salehe alikuwa anavuka barabara anakuja, kanzu ameikunja mpaka magotini.

"Mwanangu, umeungua? Kitu gani kimelia?"

"Yule bwana kaenda wapi?"

"Bwana gani?"

"Aliyekuwa kwenye benchi! Mwenye koti la kaki!"

Mzee Salehe alichungulia kibandani. "Ukungu ulipungua kidogo, nikawa nimesimama mlangoni nangoja mvua ikatike," akasema polepole. "Nimekuona unaongea. Nikadhani unaimba, kama marehemu baba yako. Kwenye benchi hapakuwa na mtu, mwanangu. Wallahi hapakuwa na mtu."

Akaingia ndani, akauweka mkono kwenye benchi, akautoa haraka. Hakuniambia alihisi nini. Alifunga kibanda changu mwenyewe, akanisindikiza mpaka nyumbani, njia nzima akisoma dua kwa sauti ya chini.

Utaniuliza, kwa nini sikuitupa ile mashine? Sijui. Nafikiri ni kwa sababu hakunitisha. Alikuja kuniokoa na akanipa salamu nizifikishe, na kwetu ukipewa salamu unazifikisha. Kesho yake asubuhi nilirudi. Nilishika bisibisi ndefu ya baba yenye mpini mnene wa mpira, mkono wa pili nikauweka mgongoni, nikaziunganisha zile ncha mbili za kapasita. Kimya. Nikarudia. Kimya. Ndipo nikaanza kazi.

Na ubovu ulikuwa mdogo, jamani, mdogo wa kutia uchungu. Kishikio kimoja cha waya, kwenye kile kichwa kinachotoa joto, kilikuwa kimelegea na kuungua. Basi. Umeme ulifika kwenye kapasita ukakosa njia ya kwenda mbele, ukawa unabaki pale. Na ile rizista ndogo ambayo kazi yake ni kuumwaga taratibu ukishazima, ilikuwa imekatika. Nilibadilisha kishikio. Rizista ya namna ile sikuwa nayo. Nikafunga kava, nikaweka glasi ya maji, nikawasha. Baada ya dakika mbili maji yalikuwa yanatokota.

Alhamisi Tusekile akaja. Nikawasha mbele yake. Akaingiza ncha ya kidole kwenye glasi, akakitoa haraka, machozi yakamdondoka.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa inafanya wiki ya kwanza," akasema.

Nikamkalisha kwenye benchi. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho. "Mdogo wangu, nimepewa salamu zako. Nimeambiwa mdomo wa Mama Lugano hauna kosa."

Aliruka kama ameng'atwa. "Nani amekutajia Mama Lugano? Nani? Mawifi zangu wamefika hapa?"

Nikamweleza yote. Koti la kaki, kola iliyochakaa, harufu ya dizeli na ndizi. Nilipofika kwenye yale maneno, "hata mimi niliichomoa," alijifunika uso na kitenge akalia bila sauti, mabega tu ndiyo yanatikisika. Mimi nikamshika. Na yeye ndipo akaniambia alichokuwa amekimeza siku ya kwanza.

Mume wake, Ambakisye, alikuwa amefariki miezi kumi nyuma. Mashine ilifanya kazi wiki tatu, ikaacha kupasha. Jumamosi moja yuko nyumbani, akaichomoa, akaibeba mpaka uani penye mwanga, akafungua kava. Mama yake alikuwa pale anamenya ndizi. Na jirani yao, Mama Lugano, mjane, alikuwa amesimama kwenye ua akizungumza nao. Mara Ambakisye akaanguka.

Sasa tazama jinsi maneno yanavyoweza kumfunga mtu. Siku mashine ilipoletwa, majirani walikuja kuitazama, na Mama Lugano alicheka akasema, "Chombo kinachopika bila moto! Hiki kitawamaliza." Mzaha tu, kama wewe na mimi tunavyotania. Lakini mtu alipokufa, na mashine haikuwa kwenye umeme, plagi iko chini kwenye majani kila mtu anaiona, watu waliuliza: umeme umemuua vipi wakati waya haujaunganishwa popote? Wakakumbuka yale maneno. Wakakumbuka alikuwa amesimama pale pale.

Hawakumpiga, wala hawakumchomea nyumba. Waliacha tu kumsalimia. Kisimani akifika wanawake wanaondoka. Kanisani benchi lake likabaki la peke yake. Watoto wakakatazwa kupokea hata ndizi mkononi mwake. Baada ya miezi miwili alifunga mlango akaenda Ibighi kwa mdogo wake.

"Na wewe uliamini?" nikamuuliza Tusekile.

"Sijui, dada. Nilitaka iwe na sababu. Nimeileta kwako kwa siri, mama mkwe hajui. Nilitaka niione ikifanya kazi tena, hata mara moja tu, kama alivyoniahidi. Nilijua ningekuambia ukweli usingeigusa."

Nilikasirika, siwezi kukudanganya. Nilikuwa nimebakiza umbali wa kiberiti kufa. Lakini nilimtazama yule binti, hasira ikaisha yenyewe.

Jumapili tulikwenda Kiwira. Mzee Salehe alikataa niende peke yangu, akafunga cherehani akaja. Walikuwa wamekaa uani, mama yake Ambakisye, kaka zake wawili, mawifi, na majirani kadhaa. Mama huyo alipoiona ile mashine aliinuka akataka kuingia ndani.

"Mama, shikamoo," nikamwambia, nikapiga goti. "Sikuja kukuumiza. Nimetumwa. Naomba uketi, nikuonyeshe kitu, halafu unifukuze."

Akaketi. Sikuwaambia kwanza niliyemwona. Nilijua wangesema huyu naye ana yake. Nilikuwa nimekilegeza tena kile kishikio cha waya makusudi, mashine iwe kama siku ile. Niliwaomba wote warudi nyuma mpaka ukutani. Nikaichomeka kwa waya mrefu, ikanguruma, nikaizima. Nikaichomoa. Plagi nikampa yule mama mkononi.

"Mama, umeishika?"

"Nimeishika."

"Imeunganishwa na umeme?"

"Haijaunganishwa. Nimeishika hii hapa."

Nikasimama juu ya ubao mkavu, mkono wa kushoto mgongoni, bisibisi ya baba kwenye wa kulia. Nikaziunganisha ncha.

Pa!

Wanawake walipiga yowe, kuku wakatawanyika. Ncha ya bisibisi iliungua, ikabaki na shimo dogo jeusi. Yule mama hakupiga kelele. Aliitazama plagi iliyokuwa bado mkononi mwake, akaitazama mashine, akaitazama tena plagi.

"Mwanangu alishika hapo?" akauliza.

"Alishika hapo, mama. Hakujua. Hata mimi nilikuwa sijui."

"Kwa hiyo si mtu."

"Si mtu, mama."

Ndipo nikamweleza aliyekuja kibandani, na salamu alizoacha. Alipoisikia ile kola iliyochakaa alisema, "Nilimwambia aniachie niishone." Akavua kitambaa cha kichwani, akajifunga vizuri upya, akawaambia wanawe, "Tafuteni gari. Tunakwenda Ibighi."

Nilikwenda nao. Mama Lugano alikuwa jikoni anapalia moto, amekonda. Alipoona watu wengi mlangoni alirudi nyuma mpaka ukutani, akashika mwiko. Mama yake Ambakisye alipiga magoti kwenye majivu, mwanamke wa umri ule, mbele ya mtu aliyemzidi umri. Akamweleza yote, akaomba msamaha kwa Kinyakyusa, maneno ambayo sitayatafsiri kwa sababu hayakuwa yangu.

Unajua Mama Lugano alijibu nini? Nilitegemea awatukane. Aliketi chini, mwiko bado anao, akasema, "Basi si mimi?" Akarudia, "Si mimi?" Akanigeukia mimi, mgeni asiyemjua. "Maana hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini, mama. Usiku nilikuwa najiuliza, kwani nilisema kwa moyo gani?"

Sijawahi kusikia kitu kilichonichoma kama hicho, si kabla, si baada.

Mama Lugano hakurudi kuishi Kiwira. Aliwasamehe, alikuja kwenye ibada ya kumbukumbu, alikula nao sahani moja, lakini alisema pale kisimani miguu yake inakataa. Alizeekea Ibighi. Tusekile alikata waya wa ile mashine kwa kisu, akaiweka kaunta ya mgahawa wake, akawa anahifadhi maandazi humo ndani inzi wasiyaguse. Miaka mingi abiria wa mabasi walidhani inafanya kazi.

Mimi niliendelea na redio, baadaye simu zilipokuja nikatengeneza na simu. Maikrowevu sijagusa tena. Sasa macho hayaoni skrubu ndogo, Mzee Salehe alishatangulia, pale kibandani kwetu pamejengwa ghorofa. Lakini kila mwaka, ukungu ukishuka saa nane na mvua ile isiyo na haraka, hupita mara moja au mbili harufu ya dizeli na ndizi mbichi. Siogopi. Huwa naitikia tu, "Ndaga fijo, kaka," yaani asante sana, maana asante yenyewe sikumpa siku ile. Wajukuu wamezoea, hawaulizi.

Sasa wewe uliyenisikiliza. Leo mashine hizi zimejaa kila nyumba, na najua ipo siku yako itawaka, itazunguka, isipashe. Tazama mlango kama umefunga. Tazama kama hukubonyeza kupunguza moto bila kujua. Jaribu glasi ya maji. Maji yakitoka baridi, ichomoe, uipeleke kwa fundi aliyejifunza mashine hizo hasa, na kava usilifungue mwenyewe hata kama bisibisi unayo na ujasiri unao. Ambakisye alikuwa navyo vyote viwili.

Na mtu akianguka nyumbani kwako, kabla hujauliza nani alikuwa amesimama uani, uliza alikuwa ameshika nini.